Sahani Yako Inapanda na Kushuka Ngazi

Bi Zuwena,

Kabla ya salamu, nikuondolee wasiwasi: sahani yako haijavunjika. Najua ndilo jambo ambalo ungeuliza kwanza, umesimama mlangoni pangu na mkono kiunoni, macho yako yakipita juu ya bega langu kutafuta vyombo vyako. Ni ile nyeupe yenye maua ya buluu, iliyomeguka kidogo ukingoni. Imepitia mengi, lakini iko salama.

Sasa salamu. Mimi, Mutua, mpangaji wako wa ghorofa ya juu, ni mzima. Bado ni karani wa mizigo kule Mbaraki, bado sijaoa, na naomba tusilizungumze hilo leo. Mzee Abudi, mumeo, naye ni mzima, ingawa hapa katikati alitutia hofu kubwa, na hiyo ndiyo habari hasa iliyonifanya nikuandikie. Nimekaa kwenye ngazi, juu ya kile kidato ulichokuwa ukipumzikia ukija kunidai vyombo. Karatasi iko magotini na jiko la makaa liko kando yangu. Usishtuke, nitaeleza.

Siku ya kukuzika nilikuwepo. Mzee alinivisha kofia yake, na wewe unakijua kichwa changu. Ilikaa juu kabisa, kama kifuniko cha birika. Nikaingia kati ya wanaume wa mtaa kushika jeneza, na kwa vile kila mtu anataka kulishika, unasukumwa mbele, unarudishwa nyuma, unajikuta umelishika tena. Kofia ilianguka kila baada ya hatua chache, ikaokotwa na watu nisiowajua, ikarudishwa kichwani mwangu kwa adabu kubwa. Nilikuwa nalia, Bi Zuwena. Nililia kama mtoto. Lakini nilikuwa nasikia wazi jinsi ambavyo ungecheka.

Wewe ndiye uliyenifundisha habari ya sahani, na somo hilo lilikuchukua muda. Nilikuwa mgeni hapa Mji wa Kale, nimetoka Machakos na begi moja na sufuria moja, sijui jirani wala shemeji. Siku hiyo hiyo nikagongewa mlango, sahani imefunikwa kwa kawa, ndani mkate wa ndizi wenye iliki, bado una moto. Niliula wote nimesimama. Kisha nikaosha sahani yako, nikaipangusa, nikaipangusa tena mpaka nikajiona uso, nikaishusha kwa fahari. Kwetu sahani ikirudi safi hivyo ni heshima. Ukaipokea, ukaitazama, ukasema ahsante. Ikapanda tena ikiwa na mkate wa maembe. Nikairudisha inang'aa zaidi. Ukaniletea wa nanasi. Mimi nikawa najisifu moyoni kwamba huyu mama kanipenda, mbona chakula hakikatiki!

Mwisho ukapanda mwenyewe, unahema, ukaniuliza, "Mwanangu, kwako hamuna hata chumvi?" Nami kwa moyo mweupe nikakimbilia ndani nikakuletea pakiti nzima ya chumvi, nikakukabidhi kwa mikono miwili. Ulikaa chini kwenye kidato hiki ukacheka mpaka Mzee akaja kutazama kama umeanguka. Ndipo ukanieleza kwamba huku kwenu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hata ndimu moja, hata sukari kidogo, mradi isishuke mikono mitupu. Tangu hapo nikawa nakutilia nilichonacho. Nilikuletea muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa maganda, na wewe ukayageuza kwa kijiko ukauliza, "Mahindi haya yalifanya kosa gani hata yakavuliwa nguo?" Lakini uliyala. Mzee aliniambia uliyala yote.

Mara ya mwisho sahani ilipanda jioni na mkate wa ndizi. Asubuhi yake nikakukuta kwenye ngazi hizi, binti yako Rukia amekushika mkono huu na Mzee huu, mnakwenda hospitali. Nikakwambia nitakuletea sahani. Ukasema, "Kaa nayo. Nitakuja kuitwaa mwenyewe." Hukuja.

Basi ikabaki kwangu, juu ya rafu, kando ya redio. Watu walijaa chini kwenu, vyakula vikaletwa kutoka Bondeni, kutoka Ganjoni, kutoka kwa jamaa ambao hata Mzee hakujua ni jamaa wa upande gani. Kisha wakapungua, kisha wakaisha. Rukia alikaa na baba yake kadiri alivyoweza, mpaka wanawe kule Malindi wakaanza kumlilia kwenye simu. Alimpikia kila kitu. Mzee alikuwa akigusa kwa kijiko, anasema Mungu akubariki mwanangu, anasukuma kando. Kahawa tu ndiyo iliyompita kooni. Akaacha kukaa kwenye baraza ya nje, akawa anakaa ndani, chini ya ngazi, kwenye kile kiti cha kamba, anatazama ukuta. Kikoi chake kikaanza kumzunguka mara mbili.

Siku ya kuondoka Rukia aliniita kando. Akaniambia, "Kaka Mutua, nikirudi nimkute hivi hivi, namchukua." Simlaumu hata kidogo. Lakini Mzee aliyasikia, na alichosema ni kwamba nyumba hii ataitoka kwa jeneza, kama wewe. Nami nilimtazama nikaona anasema kweli. Huyu ukimpeleka Malindi kwa gari asubuhi, sijui kama ingechukua muda kabla ya kumrudisha amelazwa nyuma. Nisamehe kwa kulisema hivyo. Lilikuwa likininyima usingizi.

Ndipo nikaiangalia ile sahani. Nikajiambia: Mutua, una deni la sahani. Irudishe. Na usitie ndimu safari hii, tia mkate wa ndizi, kama ule wa Bi Zuwena, labda Mzee ataonja kwa ajili ya sahani yenyewe.

Tatizo ni kwamba maishani mwangu sijawahi kuoka hata kiazi.

Nikajaribu kukumbuka ulivyokuwa ukifanya, maana niliwahi kukuuliza. Ulinijibu hivi: unga kiasi, sukari kiasi chake, hamira kidogo, tui mpaka unga ukubali. Nikakuuliza kiasi ni ngapi. Ukasema kiasi ni kiasi. Bi Zuwena, mimi kazi yangu ni kupima. Meli ikija Mbaraki nakwambia imebeba nini na imepunguka nini. Lakini hakuna mizani bandarini wala duniani inayopima kiasi chako.

Nilikuwa na mambo mawili tu ya uhakika. La kwanza, kwamba mkate ulikuwa ukiuoka kwa makaa, sufuria juu ya jiko na makaa mengine yakipaliwa juu ya kifuniko, moto chini na moto juu. La pili, ile kelele yenu ya kila Ijumaa, niliyoizoea kama saa ya ukutani. Wewe uko uani, unaita kwa sauti, "Baba Rukia, wanukia?" Naye kutoka baraza ya mbele, "Bado!" Baada ya muda tena, "Wanukia?" "Bado!" Mimi huku juu nikawa nacheka peke yangu, nasema mzee huyu anavyopenda kula, hawezi hata kungoja mkate uive.

Haya. Nikanunua unga, nikaenda Marikiti nikachagua ndizi nzuri kuliko zote, za manjano, ngumu, hazina hata doa. Sasa najua ni kosa, usinikatize. Nikaweka jiko hapa ngazini, kwa sababu kule ndani kwangu moshi ungenifukuza. Nikaona hamira kidogo ni ubahili, nikatia pakiti yote. Nikaenda kuoga. Niliporudi mkate ulikuwa umeinua kifuniko na makaa yake, unachungulia nje kama mtu aliyesikia hodi. Kabla sijafika kifuniko kikaegama, na makaa yote yakamiminika ndani.

Nikasema labda ndizi hazinipendi, nijaribu nanasi. Nikalikata, nikalitia na maji yake yote, maana nilikuwa sitaki kupoteza utamu. Juu kukaungua, katikati kukabaki uji. Niliula kwa kijiko nimeelekea ukutani ili mtu asinione. Nikaenda kwenye maembe. Nikachukua yale madogo ya kienyeji yenye nyuzi, na mkate ukatoka umeshikana vizuri sana, umeshikana hata kisu hakikupita, kama kamba ya kufungia meli. Nikauweka nje ya mlango. Paka wa pale kona akaja, akaunusa, kisha akageuka akaanza kuukwarulia mchanga kwa mguu, unajua paka hufanya hivyo kwa kitu gani. Kunguru nao, hawa wa Mombasa ambao hawajawahi kukataa kitu, mmoja alitua, akadonoa, akanitazama vizuri usoni, akaruka zake.

Lakini aibu kubwa ilikuwa ofisini. Niliishiwa na hamira, nikaona kwenye kabati yale magadi yangu ya kulainishia muthokoi. Nikasema si vyote ni unga mweupe, si vyote vinaumua? Nikatia kijiko kilichojaa. Safari hii mkate uliumuka, ukapata rangi, ukapendeza hata nikaupiga picha. Nikaubeba Mbaraki kuwaonjesha wenzangu kabla sijamshushia Mzee, namshukuru Mungu kwa hilo. Mwenzangu mmoja, Akinyi, alitafuna kidogo, akasita, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mutua, huu ni wa kula ama wa kufulia?" Na kweli ulikuwa na ladha ya sabuni ya kipande. Mpaka leo wakiniona naingia wanasema Bwana Dobi karibu.

Nataka ujue kwamba nilikaribia kuacha. Rukia alikuwa amepiga simu kusema anakuja. Mzee alikuwa amenyamaza hata salamu anaitikia kwa kichwa. Nikipita pale chini ya ngazi jioni, nimebeba ndizi, nilikuwa naona haya kumtazama, kwa sababu nilihisi nimekuangusha. Uliniachia kitu kimoja tu.

Jumamosi moja alasiri nikajaribu tena. Zile ndizi zilizobaki zilikuwa zimekaa mpaka zikawa nyeusi tii, na sikuwa na moyo wa kwenda kununua nyingine. Nikaziponda vivyo hivyo. Nikatia hamira kidogo, kidogo kweli kweli. Vile vichupa vya manukato ya keki sikuvigusa, najua hukuvitaka jikoni kwako, nikatwanga iliki. Nikapalia makaa, nikakaa hapa nimeinamia jiko, macho yanatoka machozi, nanusa, nanusa, sisikii chochote isipokuwa moshi. Upepo wa darini ulikuwa ukiusukuma wote kuelekea chini.

Ndipo nikasikia sauti kutoka chini ya ngazi. Kali, ya hasira, kama ya mtu aliyevumilia mpaka akachoka.

"We Mutua! Uondoe moto wa juu! Wanukia huo, waungua!"

Niliruka nikayapangua makaa kwa mikono, Bi Zuwena, vidole vina alama mpaka leo. Nikafunua. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, umepasuka katikati kama wako. Na nikasimama pale nimeshika kifuniko, nikaelewa. Ile kelele yenu ya Ijumaa. Mzee hakuwa akiomba mkate hata siku moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwomba pua. Aliyeinamia jiko pua yake imejaa moshi, hasikii harufu. Aliye mbali ndiye anayejua mkate umefika wapi. Miaka yote hiyo nilidhani mkate ule ni wako, kumbe ulikuwa wenu.

Na sisi tulikuwa tumemletea chakula cha kila namna, kimeiva, kimefunikwa, kimepakuliwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kitu.

Nilikaa kwenye kidato nikalia kidogo, kisha nikakata vipande, nikavipanga kwenye sahani yako, nikashuka. Mzee alikitazama kipande cha kwanza pande zote kama anayekagua mzigo. Akaonja. Nikamngojea kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Akasema, "Iliki umezidisha. Zuwena hakuwa akitia hivi." Kisha akakimaliza. Akachukua kingine, akasema kwamba huko nyuma nilikuwa karibu kumuua kwa moshi, kwamba ule wa nanasi aliusikia umeungua tangu mapema lakini akanyamaza kwa adabu, na kwamba siku ya magadi alidhani nafua mashuka. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyomsikia akisema tangu ulipoondoka. Nusu yake yalikuwa matusi. Nilifurahi kupita kiasi.

Kesho yake akaipandisha sahani mwenyewe, ngazi zote, na goti lake lile. Akanikabidhi. Ilikuwa imeoshwa, imepanguswa, inang'aa.

Tupu.

Alisimama pale kifua mbele, akijivunia jinsi alivyoisafisha. Mzee wa watu, maisha yake yote sahani zilikuwa zikijazwa na wewe. Yeye alichojua ni kwamba zinatoka na zinarudi. Ningeweza kumuuliza kama kwake hamna hata chumvi. Nilikuwa nayo ulimini kabisa. Lakini nikakumbuka ulivyopokea ya kwangu ukasema ahsante, nikasema ahsante. Alipokwisha kushuka nikaingia ndani nikacheka, nimeuma taulo asinisikie. Kisha nikapika tena, nikaijaza, nikaishusha. Ikarudi inang'aa. Nikaijaza tena.

Rukia akafika katikati ya hayo. Alikuja na begi la nguo za baba yake tayari mkononi, lile kubwa, tupu. Akafungua mlango, na alichokikuta ni mimi juu nimejaa masizi nikiita, "Mzee, wanukia?" na baba yake yuko kwenye baraza ya nje, kanzu nyeupe, kikombe cha kahawa mkononi, anajibu mtaa mzima usikie, "Bado! Na usinisumbue!" Rukia aliliweka begi chini. Alikaa juu yake. Sijui alikuwa akicheka au akilia, nadhani hata yeye hakujua. Alikula mkate wangu akasema huu si wa Mama. Nikamwambia najua. Akala kipande cha pili. Begi alirudi nalo Malindi likiwa na nusu ya mkate kwa ajili ya watoto, na ameniambia watoto wameuliza kwa nini wa Kaka Mutua ni mgumu pembeni.

Sasa sikiliza ya leo, ndiyo iliyonikalisha chini na kalamu. Baada ya sala ya adhuhuri nilisikia hatua za Mzee zikipanda polepole, zinapumzika, zinapanda. Nikajiandaa kupokea sahani yangu inayong'aa. Akanipa. Ilikuwa nzito. Juu yake kulikuwa na ndizi, nyeusi tii, zimelegea, zimeanza hata kutoa maji. Ndizi ambazo mtu mwingine yeyote angezitupa. Nilimtazama. Yeye akatazama jiko. Akakohoa. Akasema, "Zuwena alikuwa akizificha kabatini mpaka zifike hapo. Nimezificha." Kisha akashuka zake.

Bi Zuwena, nimekumiss. Nimelitafuta neno zuri zaidi la kusema hivyo na sikulipata. Ngazi hizi zina sauti yako kila kidato. Nikirudi kutoka kazini jioni bado nanyanyua pua pale mlangoni, kabla sijakumbuka kwamba siku hizi harufu inatoka kwangu.

Nakuaga kwa leo. Lala salama, Mama. Nakuahidi mambo haya: Mzee wako hatakaa kutazama ukuta wakati mimi nina unga ndani. Sahani yako sitaidai wala sitaikalia, itapanda na kushuka ngazi hizi mpaka maua yafutike. Na iliki nitapunguza, ingawa kwa maoni yangu ilikuwa kiasi. Nikioa, nitamfundisha mke wangu kila kitu kuhusu chumvi kabla hajafungua mlango.

Nilitaka kuongeza jambo jingine lakini inabidi niache hapa. Ndizi zake ziko motoni, mimi nimeinamia karatasi na sisikii harufu yoyote, na mzee wako ananipigia kelele kutoka barazani. Anasema wanukia.